Nani Atamwona Mtoto? Utangulizi wa Utetezi wa Elimu ya Nyumbani

Huenda unamfundisha mwanao nyumbani, au unafikiria kufanya hivyo. Huenda umesikia tu kwamba kuna wazazi Watamu au Kilifi, pwani ya Kenya, ambao watoto wao hawavai sare wala hawasimami gwaride la asubuhi, ukajiuliza serikali inasemaje. Vyovyote iwavyo, umefika penyewe. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, nami nakiri kwamba kila anapoingia mtu mpya katika uwanja huu, anayefaidi ni mimi, kwa sababu huuliza yale ambayo sisi tuliomo tumeyazoea hata tukaacha kuyauliza.

Tuanze na jina lenyewe. Elimu ya nyumbani ni pale mzazi anapobeba mwenyewe jukumu lote la masomo ya mtoto badala ya kumwandikisha shuleni. Litazame hilo neno "lote". Tyusheni ya jioni haimo, wala kumsaidia mtoto hesabu zake alizopewa na mwalimu. Hata miezi ya korona haimo. Shule zilipofungwa nchini kote Machi 2020, hadi madarasa mengi yalipofunguliwa Januari 2021, kila nyumba iligeuka darasa. Wengine walisoma kwa redio, wengine kwa simu, na wengi hawakusoma kabisa. Lakini majina yao yalibaki katika daftari za shule zao, na kuna mwalimu mahali fulani aliyejua kwamba mtoto huyo yupo. Mtoto wa elimu ya nyumbani hana daftari. Ukilishika jambo hilo moja, mengine yote nitakayokueleza yatakuwa mepesi, kwa maana ugomvi wa uwanja huu, hapa kwetu na kwingineko, mwisho wake hurudi papo hapo: nani anamwona mtoto huyu?

Msomaji wa pwani anaweza kuniambia, "Mwalimu, mbona hili si geni kwetu?" Kweli. Kabla neno "chuo" halijawa jengo la kutoa shahada, kwa Waswahili lilikuwa mahali pa kusomea Kurani, na mara nyingi mahali hapo palikuwa ukumbi au baraza ya nyumba ya mwalimu. Watoto huketi mkekani, kila mmoja na ubao wake, sauti zikipishana, huku mwalimu akisikiliza kumi kwa pamoja na kumkamata palepale aliyekosea. Kwa hiyo wazo kwamba nyumba yaweza kufundisha halikuja na meli. Ila nakuonya mapema usilitegemee mno. Nimeona watetezi wengi wakifungua hoja zao kwa sifa za chuo cha zamani, wakasahau kwamba mtoto wa chuo alionwa na mtaa mzima. Asipofika siku mbili, mwalimu alituma mwenzake kumuulizia.

Sasa neno la pili. Utetezi wa sera ni juhudi iliyopangwa ya kuwashawishi wenye mamlaka wabadilishe uamuzi unaowagusa watu. Umepangwa, kwa hiyo kulalamika hotelini hakuhesabiwi. Unawaelekea wenye mamlaka, kwa hiyo kumshawishi jirani ni jambo jema lakini ni kazi nyingine. Hapa utakutana na maneno matatu yanayochanganya karibu kila anayeanza. Sera ni msimamo wa serikali kuhusu jambo fulani, na waziri anaweza kuubadilisha bila kupitia bungeni. Sheria hupitishwa na Bunge, na kuivunja kuna adhabu. Kanuni hutungwa na waziri chini ya sheria, kueleza namna itakavyotekelezwa. Mfano ulio karibu nawe ni huu. Chifu anapopita nyumba hadi nyumba akiwatafuta watoto waliomaliza msingi na hawajaingia sekondari, anatekeleza sera ya kuwavusha wanafunzi wote kwa asilimia 100. Anapomwambia mzazi kwamba anaweza kushtakiwa, hapo anategemea sheria. Mkono unaobisha mlango ni mmoja, lakini nguvu zake zinatoka mahali tofauti, na mtetezi asiyezitofautisha hupeleka barua nzuri kwa mtu asiye na uwezo wa kuifanyia lolote.

Kuna mtego mwingine wa lugha. Kwa mazoea yetu "elimu ya msingi" ni darasa la kwanza hadi mwisho wa shule ya msingi. Katika sheria maana yake ni pana zaidi: inaanzia chekechea hadi mwisho wa sekondari. Nimewahi kumsikiliza baba akinieleza kwa furaha kwamba lazima ya shule inaisha bintiye akiwa na miaka 13. Haikuwa hivyo, na binti bado alikuwa na miaka mingi mbele yake.

Tuingie basi katika sheria yenyewe, pole pole. Juu kabisa kuna Katiba ya 2010. Kifungu cha 53 kinampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi iliyo bure na ya lazima. Tazama haki ni ya nani: ni ya mtoto. Mzazi hakutajwa hapo kama mwenye haki, na hilo litakurudia mara nyingi. Chini ya Katiba kuna Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013. Kifungu cha 28 kinairudia haki ya mtoto. Cha 30 kinamtaka mzazi ahakikishe mtoto anahudhuria shule bila kukosa, na asipofanya hivyo amefanya kosa. Cha 31 kinamtaka amwandikishe katika taasisi ya elimu ya msingi. Hakuna kifungu kinachosema "au amfundishe mwenyewe." Sheria haikuitaja elimu ya nyumbani kwa jina ili kuipiga marufuku, imesema tu "shule", ikanyamaza.

Wapo waliojaribu kuupasua ukimya huo mahakamani. Mzazi mmoja wa Butere, kaunti ya Kakamega, alishtakiwa kwa kutowapeleka watoto wake shule. Yeye na mzazi mwenzake walikwenda Mahakama Kuu wakitaka itamke kwamba vifungu vinavyolazimisha shule vinapingana na Katiba. Mahakama haikukubaliana nao. Nakueleza haya waziwazi ili usije ukasema sikukuambia: kutetea mabadiliko ya sheria ni haki yako, lakini hakukupi kinga dhidi ya sheria iliyopo leo. Anayewasomesha watoto nyumbani sasa hivi na atafute ushauri wa wakili, asitegemee makala yangu.

Lakini usikate tamaa upesi. Sheria hiyohiyo, ukiisoma kwa makini, ina nyufa za mwanga. Inazitaja duksi na madrasa, yaani shule za dini ya Kiislamu, na kutaka mafunzo yake yaunganishwe na mfumo rasmi. Iliunda baraza la elimu ya jamii za wafugaji wanaohamahama, kwa kutambua kwamba mtoto anayefuata mifugo hawezi kungojwa na jengo la mawe. Serikali pia ina mwongozo wa usajili wa shule zinazotoa elimu kwa njia mbadala katika mitaa ya mabanda, zile ambazo hazina uwanja wala madarasa ya vipimo vya kawaida. Kila mojawapo ya hizo ni mahali ambapo dola ilikiri kwamba mtoto anaweza kufundishwa nje ya umbo la shule lililozoeleka, mradi kuna namna ya kumfikia. Mtetezi anayejua vifungu hivyo huongea kama mtu anayeiomba sheria itembee hatua moja zaidi katika njia iliyoianza yenyewe.

Sasa niongee jambo ambalo hakuna mtetezi wa Kilifi anayeweza kulikwepa. Aprili 2023 habari za msitu wa Shakahola, bara ya Malindi, zilianza kutoka. Miili ya waumini iliyofukuliwa humo ilizidi 400, na ya watoto ilikuwemo. Mhubiri Paul Mackenzie, aliyeshtakiwa kuhusiana na vifo hivyo na ambaye ameyakana mashtaka, alikuwa amekwisha kufikishwa mahakamani Malindi mwaka wa 2017 kwa mashtaka yaliyohusu watoto walioachishwa shule. Miaka sita kabla ya makaburi, dalili ya kwanza ilikuwa viti vitupu darasani.

Kwa hiyo unapoingia ofisi yoyote ya serikali kutoka Mtwapa hadi Marafa ukasema "tunaomba tusilazimishwe kupeleka watoto shule," afisa aliye mbele yako hasikii unachosema. Anasikia Shakahola. Usikasirike, na usimwambie kwamba wewe si kama wale. Kila mtu husema hivyo. Mimi binafsi naona afisa huyo ana haki ya kuogopa. Shule yetu, pamoja na msongamano wake na karo zake za mlango wa nyuma, ndiyo mahali pekee ambapo mtu mzima asiye wa ukoo humtazama mtoto usoni siku tano kwa juma. Msichana wa Ganze anayekaribia kuozwa mapema, au mvulana anayepelekwa kuchunga mbuzi wakati wa ukame, mara nyingi hana mtetezi mwingine zaidi ya mwalimu anayeuliza, "Fulani yuko wapi?" Sheria ya lazima iliandikwa kwa ajili yao. Ukitaka itobolewe tundu kwa ajili ya familia yako, onyesha kwanza kwamba wao hawatadondoka humo.

Kwa wenzetu wa nje mvutano ni uleule, ila umechukua sura mbalimbali. Uingereza, Sheria ya Elimu ya 1944 ilimtaka mzazi ahakikishe mtoto anapata elimu kwa kuhudhuria shule "au vinginevyo". Neno hilo moja la mwisho limebeba elimu ya nyumbani ya nchi hiyo hadi leo. Lilihamishiwa katika sheria ya 1996 na halijang'oka. Ugomvi wao sasa ni wa daftari. Mwaka wa 2009 ripoti iliyoandikwa na Graham Badman ilipendekeza usajili wa lazima wa watoto hao, wazazi wakasimama kidete, na vipengele hivyo vikaondolewa katika mswada kabla ya uchaguzi wa 2010. Pendekezo la daftari lilirudi bungeni Desemba 2024. Afrika Kusini ilichagua njia nyingine: sheria yake ya shule ya 1996 inaruhusu elimu ya nyumbani kwa mzazi aliyejisajili, na marekebisho yaliyotiwa saini Septemba 2024 yaliongeza masharti. Ujerumani inakataa, na Januari 2019 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliona kwamba haikukiuka haki za familia ya Wunderlich ilipowachukua watoto wao kwa muda kwa sababu ya kutopelekwa shule. Usome mifano hii bila kuiabudu. Mzazi wa Uingereza anayepinga daftari anatoka katika nchi ambayo tayari imemruhusu. Wewe bado uko nje ya mlango, na daftari huenda ndilo ufunguo wenyewe.

Mlango upi, basi? Hapa ndipo nimeona nauli nyingi zikipotea. Nyongeza ya Nne ya Katiba iligawa kazi baina ya serikali mbili. Kaunti ilipewa elimu ya chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini na malezi ya watoto wadogo. Shule za msingi na sekondari, mitaala, viwango na mitihani vilibaki kwa serikali ya kitaifa. Bunge letu la Kaunti huketi Malindi, na kwa kuwa liko karibu na mwakilishi wadi ni mtu unayekutana naye sokoni, kishawishi cha kuanzia huko ni kikubwa. Kwa mtoto wa miaka minne au mitano, sawa, nenda. Kwa mtoto wa miaka kumi, bunge hilo halina uwezo wa kugusa kifungu cha 30 cha Sheria ya Elimu ya Msingi hata likitaka. Unawahitaji wabunge wa maeneo bunge saba ya Kilifi, mwakilishi wa kike na seneta. Na usichanganye Mkurugenzi wa Elimu wa Kaunti na waziri wa elimu wa kaunti: wa kwanza, licha ya cheo chake, ni mtumishi wa wizara ya Nairobi.

Njia za kuingilia ni chache. Mswada, yaani pendekezo la sheria ambalo bado halijapitishwa, husomwa mara ya kwanza kisha hukabidhiwa kamati, na hapo umma huitwa kutoa maoni. Huo ndio ushirikishwaji wa umma, na kifungu cha 118 cha Katiba kinalilazimisha Bunge kuufanya. Si pambo: mwaka wa 2014 Mahakama Kuu ilifuta sheria ya fedha ya kaunti ya Kiambu kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Tatizo lake ni kwamba unangoja mswada wa mtu mwingine. Njia ya pili haingoji mtu. Kifungu cha 119 kinampa kila mtu haki ya kuwasilisha ardhilhali, nayo ni maombi rasmi ya maandishi kwa Bunge, ikiwemo kulitaka litunge, lirekebishe au lifute sheria. Utaratibu wake umo katika sheria ya 2012, na nikuambie kinachonifurahisha zaidi humo: ardhilhali inaweza kuandikwa kwa Kiswahili, na asiyejua kutia saini anaweka alama ya kidole gumba.

Hebu nikupeleke karibu uone. Alasiri moja nilikaa barazani kwa watu, Malindi, pamoja na familia tatu zilizotaka kuandika ardhilhali. Mama mmoja alinikabidhi kurasa nne. "Mwalimu, tumemaliza." Nikasoma. Yalikuwa malalamiko matupu, tena matamu: darasa la watoto 90, mwanawe aliyekuwa hawezi kusikia vizuri akiwekwa nyuma, safari ya bodaboda ya kila siku. Nikauliza, "Mnaomba nini?" Wakatazamana. Sheria inataka ardhilhali imalizike kwa ombi lililo wazi, na katika kurasa nne ombi halikuwemo. Baba mmoja akasema, "Tuachwe tu, tusisumbuliwe."

Bibi wa nyumba alikuwa pembeni akichambua mchicha. Yeye mwenyewe alikuwa amesomesha watoto wa mtaa Kurani katika ukumbi ule miaka mingi. Akasema bila kuinua kichwa, "Nyinyi mwataka msionwe. Mimi ningetaka nionwe. Aje mtu awasikize watoto hawa wakisoma. Akiisha kuwasikiza, aandike alichosikia."

Tuliianza upya. Ombi likawa sentensi moja: Bunge lirekebishe kifungu cha 30 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ili mzazi aliyesajiliwa kumfundisha mtoto wake nyumbani, na ambaye mtoto wake huyo anaonwa na kupimwa kila muhula, ahesabiwe kuwa ametimiza wajibu wake. Kisha tukajaza yale sheria inayoyataka: kwamba walikwisha kujaribu kupata suluhisho katika ofisi zinazohusika na walijibiwa nini, kwamba jambo haliko mbele ya mahakama yoyote, majina kamili, anwani, nambari za vitambulisho. Maandishi yasiwe na neno lililokatwa wala kuongezwa juu ya mstari. Hili la mwisho lilinipata mimi, mtaalamu. Nilikata neno moja kwa kalamu katika nakala safi, na ikabidi kijana mmoja arudi mjini kuchapisha ukurasa upya huku mama wa watu akinitazama kwa huruma. Ardhilhali ikishafika, Karani wa Bunge ana siku 7 kuikagua kama imetimiza masharti, ndipo ipelekwe kwa Spika. Inayorudishwa kwa kosa dogo inakurudisha mwanzo wa foleni.

Msomaji anayeanza huniuliza ni watu wangapi wanatosha. Mmoja anatosha kisheria. Kisiasa, ningependa uwe na mwalimu mkuu mmoja wa shule ya umma upande wako kuliko saini 300 za wazazi wanaofanana. Na ukiandamana na imamu, mchungaji na mama wa mtoto mwenye ulemavu katika chumba kimoja cha kamati, wabunge hawataweza kukuweka katika kapu la dhehebu moja.

Jambo la mwisho lililotuchelewesha barazani pale lilikuwa dogo kwa kutazama. Sentensi yetu ilisema mtoto "anaonwa na kupimwa". Na nani? Baba mmoja alitaka mwalimu wa shule ya jirani, kwa kuwa yuko karibu. Mama akasema mwalimu huyo ana watoto 90 wa kwake na atatia saini bila kufungua daftari. Mwingine akataka afisa wa wizara, wenzake wakamkumbusha umbali wa Kilifi mjini na nauli itakayotoka kwa nani. Kuna aliyependekeza wazazi wakaguane wenyewe kwa wenyewe, na hapo hata waliokuwa kimya walicheka, maana kila mtu aliwaza msitu ule bila kuutaja. Adhana ya magharibi ikatukuta bado tunabishana. Bibi alikwisha kutia kidole chake kwenye wino na alikuwa amekishika juu, akingoja tukubaliane pa kukiweka.